Ndugu Tusiowajua Ndio Waliotuokolea Shamba

Hati ya shamba letu la barabara ya Gayaza ilikuwa na jina la mtu aliyefariki mwaka 1974. Ni babu wa mume wangu, mkulima wa kahawa na migomba, aliyenunua ekari kumi za ardhi ya mailo kutoka kwa chifu mmoja wa Kyaddondo miaka ya 1930. Alilima, akazaa, akafa, akazikwa hapohapo shambani. Watoto wake wakalima, wakazikwa kando yake. Hakuna aliyewahi kwenda ofisi ya ardhi kubadilisha jina, kwa sababu kijiji kizima kilijua shamba ni la nani. Sababu ya kwenda tuliiona mwaka 2022, na aliyetuonyesha alikuwa dalali.

Mimi si Muganda. Nimezaliwa Bukoba, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, nikaolewa Uganda mwaka 2003. Riziki yangu naipata soko la Kalerwe, nauza matoke. Nyumbani na sokoni watu huniita Nalongo, jina la heshima la mama aliyezaa mapacha, na mume wangu aliitwa Ssalongo. Mapacha wetu, Babirye na Nakato, walizaliwa mwaka 2005. Baada yao akaja Kizza, naye pia msichana. Mtoto wa kiume sina. Nalitaja hili mapema kwa sababu katika vikao vyote nitakavyovisimulia lilitajwa kabla ya salamu kumalizika.

Ukoo wa mume wangu ni Nsenene, na mwiko wao ni senene. Mtu wa Bukoba anajua uzito wa jambo hilo. Kwetu senene ni chakula cha heshima, na msimu wao ukifika watu hukesha. Mimi niliacha kuwapika ndani ya nyumba, maana watoto ninaozaa ni watu wa Nsenene, na mimi nabaki mtu wa kwetu. Ndiyo desturi ya Buganda: mtoto ni wa ukoo wa baba, mke habadilishi ukoo. Koo ni zaidi ya 50, na kila ukoo umepangwa kwa ngazi. Juu yupo mkuu wa ukoo, na wa Nsenene ni Mugalula, mwenye makao yake Kisozi huko Gomba. Chini yake yapo masiga, chini ya masiga mituba, kisha nyiriri, mpaka unafika kwenye nyumba ya mtu mmoja na watoto wake. Kila ukoo una hazina yake ya majina, hivi kwamba Muganda akikutajia jina lake tu, mwenzake anajua wanaweza kuoana au ni ndugu. Wakati ule niliona ni mambo ya kupendeza ya wakwe zangu. Sikujua kwamba siku moja ngazi hizo ndizo nitakazozipanda nikitafuta mahali pa kulaza watoto.

Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, huenda ardhi ya mailo ni jambo geni, nami sina budi kueleza kidogo. Tarehe 10 Machi 1900, Sir Harry Johnston kwa niaba ya Uingereza alitiliana saini mkataba na wakubwa wa Buganda walioongozwa na Katikkiro, yaani waziri mkuu, Apolo Kaggwa. Mfalme wao, Kabaka Daudi Chwa, alikuwa bado mtoto mdogo. Mkataba ule uligawa nchi kwa maili za mraba: maili 350 za Kabaka, na maili 8,000 za machifu na wakubwa wengine wapatao 1,000. Maili moja ya mraba ni ekari 640. Wakulima waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo wakaamka wapangaji, na wakuu wa koo wakakuta makaburi ya mababu zao yamo ndani ya maili za watu wengine. Malalamiko yao hayakunyamaza, na mwaka 1928 ikatungwa sheria ya Busuulu na Envujjo iliyoweka kikomo cha kodi anayoweza kudaiwa mpangaji na kumlinda asifukuzwe ovyo. Baadhi ya wakulima waliopata fedha za pamba na kahawa wakaanza kununua vipande kutoka kwa machifu. Babu wa mume wangu alikuwa mmoja wao. Mtu aliyezaliwa mpangaji akafa akiwa na hati. Ndiyo maana alitaka kuzikwa pale, na ndiyo maana mama mkwe wangu alikuwa tayari kulala njaa kuliko kuona jembe la mgeni linapita kwenye ekiggya, makaburi ya familia.

Tarehe 18 Juni 2021, serikali ilifunga usafiri na shughuli nyingi kwa siku 42, ugonjwa wa korona ulipokuwa umechachamaa. Mume wangu alikuwa ameshaanza kukohoa. Siku hizo hazikwisha akiwa hai. Sitaki kuandika mengi kuhusu wodi ile. Nitasema tu kwamba oksijeni ilikuwa haba na usiku ulikuwa mrefu, na kwamba aliniuliza kama kahawa imeanikwa.

Tulimzika tukiwa wachache, bila kesha, haraka kuliko alivyostahili. Lakini kwa Waganda msiba hauishi kaburini. Unakwisha siku ya okwabya olumbe, ukoo unapokusanyika kumsimika omusika, yaani mrithi, akiwa amevikwa gome la mti na kukabidhiwa mkuki, na kando yake dada yake wa ukoo anayeitwa lubuga. Siku hiyo hutajwa watoto wote wa marehemu, mali yake na madeni yake, mbele ya watu. Kwa sababu ya makatazo ya mikusanyiko, siku hiyo haikuwapo. Mume wangu ndiye alikuwa omusika wa baba yake. Alipoondoka, kiti kikawa wazi, na hakuna aliyesimama hadharani kusema nani anafuata.

Shule zilifunguliwa Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili. Nilikuwa nahangaika na ada za watoto watatu. Mwenzangu mmoja wa Kalerwe, anayefungia nyanya kwa magazeti ya Bukedde, aliona tangazo la mahakama lenye jina la kijiji chetu, akaliacha lile gazeti bila kulichana, akaniletea. Mtu alikuwa ameomba barua za usimamizi wa mirathi ya babu. Mwenye pingamizi alipewa siku 14. Mwombaji alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Kwenye karatasi zake alijitaja yeye na watoto wake, basi. Alikuwa amewasilisha muhtasari wa kikao cha familia ambacho hakijawahi kukaa, chenye sahihi ya mama mkwe wangu, ambaye maisha yake yote ametia dole gumba.

Nasema mbele za Mungu, sikumchukia. Alikuwa na teksi mbili za mkopo, na kufungwa kwa usafiri kulizilaza uani huku riba ikitembea. Wakopeshaji walikuwa wanamwandama. Dalali akamwambia kwamba ekari kumi karibu na lami, mji ulivyokwisha kuimeza Kasangati na kuendelea kaskazini, ni fedha ya kumtoa katika kila deni. Kilichotakiwa ni mtu mmoja mwenye barua ya mahakama. Hati ya marehemu haina mwenyewe wa kuitetea.

Nilipomfuata aliniambia kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko tusi: "Nalongo, wewe mwenyewe ni mgeni hapa. Watoto wako wataolewa. Unapigania nini?"

Wiki iliyofuata migomba ilikatwa usiku. Aliyeikata hakutaka ndizi, maana alikata hata ile iliyokuwa haijazaa. Asubuhi utomvu ulikuwa umeganda mweusi juu ya vigogo, na mikungu michanga imetupwa mtaroni. Ukutani kwa mama mkwe palikuwa na alama nyekundu ya rangi, na nyingine kwenye mvule wa mpakani. Kisha habari ikatufikia kwamba mnunuzi anataka makaburi yahamishwe kwanza. Siku hiyo mama mkwe wangu, mwanamke wa miaka themanini na zaidi, alikokota mkeka akaenda kukaa ekiggya mpaka jioni. Miezi hiyo nilinunua matoke kwa mkopo kwa watu wa Masaka ili niwe na kitu cha kuuza. Kizza alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, nikawa namweka mezani kwangu Kalerwe akimenya njegere.

Tulipata wakili wa msaada wa kisheria, mwanamke mwenye maneno machache. Mawakili wanawake wa Uganda wana chama chao, FIDA, tangu mwaka 1974, na kazi ya kuwatetea wajane bila malipo imekuwa na mizizi mjini Kampala kwa miaka mingi. Yeye aliweka zuio mahakamani na jingine kwenye ofisi ya ardhi kabla ya siku 14 kwisha. Kisha akaniambia neno lililogeuza maisha yangu.

"Zuio linasimamisha tu. Ukitaka kushinda, niletee ukoo wote wa huyo mzee. Si wale unaowapenda, mama. Wote."

Akanieleza kwa nini. Ombi la shemeji lilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kuficha warithi. Mimi nikija na orodha yangu ya watu wa nyumba yangu tu, nitakuwa nimefanya kosa lilelile, na mahakama itakuwa na wanafamilia wawili wanaofichana. Lakini kila jina nitakalolipata litapunguza fungu la wanangu. Wenzangu sokoni walinishauri ninyamaze, nichukue kinachotajwa na shemeji kama suluhu, nirudi Bukoba. Nililala na shauri hilo. Asubuhi nilinunua kaunta buku yenye jalada gumu, nikaenda kwa mama mkwe.

Tulifanya kazi hiyo jioni, yeye akimenya matoke kwa ajili ya chakula cha usiku, mimi nikiandika. Alianza na mababu wa mbali, ambao hawana ugomvi na mtu. Majina yalijirudia sana, maana Waganda humpa mjukuu jina la babu, na jina la ukoo halitoki nje ya ukoo. Nilijikuta na watu watatu wa jina moja, ikabidi niandike kando ya kila mmoja alikolima na alivyokufa. Alipofika kwa mkwe wake, mwenye hati, alitaja watoto wa mama mkwe wake mmoja baada ya mwingine, kisha akanyamaza. Kisu kikaendelea kumenya. Nikauliza kama mzee alikuwa na nyumba nyingine. Akasema tu, "Mambo hayo yaliwatoa watu machozi, Nalongo." Hakuendelea, wala sikumsukuma.

Jibu lilitoka mahali ambapo sikufikiria kulitafuta. Kwenye kona ya shamba wanaishi wapangaji wa kibanja, familia mbili zilizokuwapo tangu enzi za babu. Mmoja wao, mzee mwenye mguu mbaya, alisikia ninaandika majina, akaniita. Alitoa kopo la maziwa ya unga lililoliwa na kutu mdomoni. Ndani yake mlikuwa na risiti za busuulu, kodi ya ardhi aliyolipa baba yake, zimekunjwa mara nne, mwaka baada ya mwaka. Karatasi zilikuwa nyembamba na njano, wino umekuwa wa kahawia. Nikazipanga juu ya mkeka. Mpaka 1974 sahihi ni moja, ya babu. Risiti mbili za mwisho, baada ya kifo chake, zina sahihi nyingine, nayo haikuwa ya baba mkwe wangu. Baada ya 1975 hakuna kitu, kwa kuwa mwaka huo Idi Amin alitoa amri iliyofanya ardhi yote kuwa ya umma na kufuta kodi hizo.

Nani alipokea kodi mzee alipokufa? Mpangaji alinitazama kana kwamba nauliza jua linachomoza wapi. "Mtoto wake mkubwa, wa nyumba ya kwanza. Aliondoka hapa baadaye, akapotea siku za Amin. Alikuwa na watoto."

Kwa hiyo palikuwa na nyumba ya kwanza. Nilipomrudia mama mkwe na risiti ile, alikubali, akasimulia yote, na baadaye akaniambia kifua kimekuwa chepesi. Mke wa kwanza wa babu aliachwa babu alipofunga ndoa ya kanisani na mke wa pili. Watoto wake waliendelea kuja shambani, wakapendwa na baba yao, lakini hawakutajwa mbele ya padri.

Jina lililoandikwa kwenye risiti lilikuwa jina la Nsenene. Nililipeleka kwa wazee wa mutuba wetu, nao wakaanza kuulizana kwenye misiba na arusi, maana huko ndiko koo za Buganda hupashana habari. Haikuchukua muda mrefu kusikia kwamba Mukono kuna mwalimu mstaafu, mwanamke, ambaye baba yake aliitwa hivyo na hakurudi nyumbani mwaka 1977. Nilikwenda na Babirye. Nilijiandaa kukutana na mtu mwenye madai, na sitamlaumu mtu yeyote kwa kudai haki yake. Mwalimu alivaa miwani, akaisoma risiti kwa muda mrefu, akaweka kidole chini ya sahihi bila kuigusa. Hakuniuliza ekari. Alitaka kujua kama kaunta buku yangu ina nafasi kwenye ukurasa wa baba yake, akanitajia ndugu zake wote, waliokufa na walio hai, huku akinisahihisha tahajia. Kisha akaongeza kwamba hajawahi kuonyeshwa kaburi la babu yake.

Wakabaki mabinti. Babu alikuwa na mabinti wawili kwa mke wa kanisani, na hapa ndipo nasaba ya ukoo na nasaba ya sheria zinapoachana. Watoto wa binti si watu wa Nsenene, ni wa koo za baba zao, na kwenye orodha ya wazee hawamo. Lakini mbele ya sheria ni vizazi vya marehemu sawa na wengine. Mama mkwe aliwajua kwa majina ya waume zao tu. Familia ni ya Kikatoliki tangu siku za wamisionari wa White Fathers, walioingia Buganda mwaka 1879, kwa hiyo tukaenda parokiani kuomba vitabu vya ubatizo. Katekista alitufungulia kitabu kikubwa kuliko meza yake. Maandishi ni ya Kilatini yenye majina ya Kiganda katikati: mtoto, baba, mama, kijiji, msimamizi wa ubatizo. Safu ile ya mwisho ndiyo iliyotusaidia. Binti mkubwa alisimamia ubatizo wa watoto wengi wa kijiji, na kila mara padri aliandika ameolewa wapi. Wajukuu zake tuliwakuta Nansana, watu wema, mmoja wao fundi wa kuchomelea ambaye hakujua kabisa kwamba bibi yake alitoka Gayaza.

Kikao cha familia, cha kweli safari hii, kilifanyika nyumbani kwa mama mkwe mwaka 2023. Walikuja wazee wa mutuba, mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji, wapangaji, mwalimu wa Mukono na ndugu zake, watu wa Nansana, na shemeji yangu, aliyekaa mbali na mkeka. Kilianza kama nilivyotarajia. Mzee mmoja akasema mume wangu hakuacha mtoto, na watu wakanitazama nikiwa nimekaa na watoto watatu.

Babirye alipiga magoti kwa heshima, akaomba ruhusa, akaanza kujieleza kama Waganda wanavyojieleza. Jina lake. Binti wa fulani. Mjukuu wa fulani. Kitukuu cha fulani, mwenye hati. Lunyiriri lake, mutuba wake, ssiga lake. Mwiko wake Nsenene, mwiko wake mdogo Nnabangogoma. Hakusita mahali popote, kwa sababu ndiye aliyekuwa akinisomea kaunta buku usiku ili nihakiki. Alipofika kwa babu alitaja nyumba zote mbili, ya kwanza na ya pili, na mwalimu wa Mukono akashika shavu. Baadhi ya vijana wa kiume pale wasingeweza kwenda zaidi ya babu zao. Yule mzee hakurudia tena neno lake.

Nami niliomba niseme. Niliwasimulia habari ya kwetu, iliyotokea Muleba nilipokuwa mtoto. Mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithishwa ardhi na baba yake kwa wosia, akaiuza mwaka 1988. Mpwa wake alimshtaki kwamba kwa mila zetu mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya katiba. Niliwaambia wazee wale kwamba ukoo wa Kihaya haukufa. Sisi bado ni Wahaya.

Wakili naye akaeleza ya Uganda. Sheria ya mirathi, ilivyorekebishwa mwaka 1972, ilimpa mjane asilimia 15. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu vilivyobagua wanawake, na kwa miaka kumi na mitano hakukuwa na vingine vya kuziba pengo, mpaka Bunge lilipoirekebisha sheria mwaka 2022. Sasa asiyeacha wosia, mali yake hugawanywa hivi: watoto asilimia 75 bila kujali jinsia, mwenzi asilimia 20, ndugu waliomtegemea asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Asilimia moja! Nilisikia watu wakinong'ona. Wengi wetu tulikuwa tukiamini kwamba anayevikwa gome na kushika mkuki ndiye mwenye mali. Mzee wa mutuba, na namshukuru mpaka leo, akasema kwamba hata zamani omusika alipewa jina la marehemu na mzigo wa kuwatunza yatima, si ruhusa ya kuwauzia paa.

Tukakubaliana. Wasimamizi wawe watatu, mmoja wao mimi. Shemeji akaondoa ombi lake. Alilia, na mama mkwe akamwita akae karibu. Ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, barabara ya George, ilipopata muhtasari wenye sahihi na madole gumba ya matawi yote, ilitupa hati ya kutokuwa na pingamizi. Mahakama ikatoa barua, mpima ardhi akaja, na mawe ya mpaka yakawekwa pale ambapo mimea ya oluwaanyi ilikuwa imesimama kwa miaka. Tulikimbizana na muda, maana sheria mpya inaipa barua ya usimamizi miaka miwili tu.

Ekari moja ni ya ekiggya na njia ya kufika pale, haiuzwi. Ekari moja ni ya wapangaji, na wameandikwa. Nane zilizobaki ziligawanywa kwa matawi manne, mbili kwa kila tawi. Katika tawi letu, baada ya kumwachia mama mkwe nyumba yake na kugawana na wengine, wanangu walipata nusu ekari na ushee. Kwa hesabu za madalali ni viwanja vinne vya hamsini kwa mia. Nilikuwa nimezoea kuziita ekari zote kumi shamba letu. Sioni kama nimepoteza. Wanangu wana hati yenye majina yao matatu, na fungu langu la asilimia 20 limo humo. Tumepanda migomba upya kwa nafasi ndogondogo, kahawa kandokando, na mwaka huu Kizza anasoma bila kurudishwa.

Olumbe ulifanyika mwishoni mwa 2023. Omusika wa mume wangu ni mtoto wa kaka yake aliyetangulia kufa, kijana wa miaka 15. Alivikwa gome, akapewa mkuki, na Babirye akasimama kando yake kama lubuga. Mwalimu wa Mukono alipelekwa kwenye kaburi la babu yake, akakaa huko na mama mkwe wangu, na walichozungumza ni chao.

Tawi moja bado hatujalimaliza. Binti mdogo wa babu aliolewa Jinja na mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na baada ya hapo kitabu cha parokia hakimtaji tena. Ekari zake mbili zimewekwa kando, kwa jina la wasimamizi, na tumeziandika hivyo kwenye hesabu tuliyopeleka mahakamani. Katekista mmoja wa Jinja ametupigia simu kwamba ameona jina linalofanana. Tunakwenda Jumamosi. Shemeji ameuza teksi moja akalipa deni, nyingine ndiyo itakayotupeleka, na yeye ndiye atakayeendesha.